Kabla Hujanunua Shokapu: Kusaka Ulegevu katika Gari la Michezo Lililozeeka

Gari la michezo lenye umri wa miaka 25 au 30 haliharibikii mahali pamoja. Hulegea kidogo kidogo: bushi (kiungo cha mpira na chuma) hapa, boljointi (kiungo cha tufe la chuma) pale, springi iliyochoka kule, mpaka kona iliyokuwa ikikatwa kwa vidole viwili sasa inakatwa kwa mikono yote miwili na roho juu. Kwa kuwa ulegevu umeingia polepole, mwenye gari anakuwa ameshauzoea. Siku akishtuka, hukimbilia shokapu, kwa sababu ndicho kifaa anachokijua kwa jina. Anafunga nne mpya, gari linakuwa gumu, na kuwayawaya kuko palepale.

Wakati mwingine hali huwa mbaya zaidi, na kuna sababu. Shokapu ngumu hupeleka nguvu ya tairi kwenye bodi haraka zaidi, na nguvu hiyo hupita kwenye bushi na boljointi zilezile zilizochoka. Kilichokuwa kinaninginia polepole sasa kinapigwa kwa kishindo. Shokapu zina zamu yake, ila si ya kwanza.

Andika kabla ya kufungua

Kabla jeki haijagusa gari, liendeshe kwa nia ya kusikiliza. Tafuta barabara unayoijua, iliyo wazi na isiyo na watu, zima redio, jaribu jambo moja moja.

Anza na mnyooko kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ukiwa umeshika usukani kwa wepesi. Je, gari linavuta upande uleule siku zote, au linatangatanga mara kulia mara kushoto? Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Kuvuta upande mmoja kunatokana na tairi, breki inayong'ang'ania, au pembe za magurudumu zisizolingana kulia na kushoto. Kutangatanga kunatokana na ulegevu, au na magurudumu yasiyoangalia mbele sawasawa. Kumbuka pia kwamba barabara nyingi zina mgongo katikati, kwa hiyo gari huteremkia ukingoni lenyewe. Jaribu sehemu tambarare, au pande zote mbili za mgongo, kabla ya kutoa hukumu.

Kisha kanyaga mafuta kwa nguvu, uachie ghafla. Kama pua ya gari inahama kidogo unapokanyaga na kurudi unapoachia, nawe hujagusa usukani, tatizo liko nyuma. Bushi ya amu (mkono wa chuma unaolishika gurudumu) ya nyuma imechoka, injini inalisukuma gurudumu mbele, kuachia mafuta kunalirudisha, na kila likihama linageuka kidogo. BMW za E36 (Msururu wa 3 wa miaka ya 1990), M3 yake ya kasi ikiwemo, zinajulikana kwa ugonjwa huu: bushi kubwa iliyo mwanzo wa amu ndefu ya nyuma ikichoka, dereva huhisi kana kwamba kuna mtu anausukuma mkia wa gari kwa kidole.

Breki nazo zina maneno yake. Mtetemo wa usukani unaotokea kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa bila kugusa breki ni wa balansi, rimu iliyopinda au tairi lililoharibika. Ukitokea wakati wa kufunga breki tu, fundi wengi husema "diski zimepinda" na kuzibadilisha. Mara nyingi diski hulaumiwa bure. Bushi ya amu ya mbele iliyochanika huachia gurudumu licheze mbele na nyuma, na kasoro ndogo ya diski ambayo bushi nzima ingeimeza inafika mikononi kama tetemeko. Pima diski kwa saa ya kupimia (dial gauge) ikiwa imefungwa kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu. Uso wake ukiyumba zaidi ya takriban 0.1 mm, ni kwingi kwa gari karibu lolote, na magari mengi yana kikomo cha chini ya hapo. Kabla ya kuilaumu, itoe, sugua kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, irudishe, upime tena. Tabaka jembamba la kutu linatosha kuiinamisha.

Jaribio linalofunua mengi kuliko yote ni kona ndefu ya mviringo mmoja, kwa mwendo wa wastani. Geuza usukani, ushikilie hapohapo. Gari zima huinama mara moja likatulia. Gari lililolegea huinama, husubiri, halafu hupiga hatua ya pili. Iandike hatua hiyo ya pili. Inamaanisha ama mpira umemaliza kujikunja na sasa chuma kimegusa chuma, ama shokapu imefika mwisho wa safari yake na gari limekalia bamstopu, kile kipande cha povu kwenye fimbo ya shokapu. Yote mawili hubadilisha mshiko wa tairi ghafla, katikati ya kona, wakati ambao dereva hahitaji mshangao.

Maliza kwa mwendo wa kutembea: pandisha gurudumu moja moja kwenye tuta dogo, kata usukani mpaka mwisho pande zote, rudi nyuma ukifunga breki. Kila mlio uandikie mahali na wakati: mbele au nyuma, kulia au kushoto, kwenye mafuta, kwenye breki au wakati wa kuachia. Karatasi hiyo itakusaidia kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Matairi kwanza

Gari la michezo la zamani halitembei sana, kwa hiyo matairi yake huonekana mapya ilhali mpira umeshakuwa mgumu. Soma ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne 3517 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2017. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya 2000, na halipaswi kurudi barabarani. Watengenezaji kadhaa wanashauri tairi liondolewe likifikisha miaka 10 hata kama kina cha mifereji yake kipo. Hakuna kipimo cha gari kinachoaminika juu ya matairi magumu, kwa sababu mshiko hupotea mapema na kila kosa dogo huonekana kubwa.

Halafu upepo, ukiwa wa baridi, kwa kipimo unachokiamini. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ilipendekezewa psi 26 mbele na nyuma, kwa sababu ni gari jepesi. Wengi huijaza 33 au 35 kwa mazoea ya magari mengine, halafu wanashangaa kwa nini inarukaruka. Fuata kibandiko cha gari lenyewe.

Sasa pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka bega la ndani kwenda la nje, kisha kinyume. Fanya taratibu, tairi likiwa safi. Kama mkono unateleza vizuri kwa upande mmoja na kukwaruzwa kwa upande mwingine, mithili ya kupapasa magamba ya samaki, tairi limekuwa likiburutwa kiupande kwa kila mita lililotembea: magurudumu hayaangalii mbele sawasawa. Hii ndiyo dalili ya mapema kabisa ya tou mbaya (tou ni kiasi ambacho pua ya gurudumu inaelekea ndani au nje), na kiganja huiona kabla ya jicho. Kulika bega la ndani pekee ni tou ya nje au gurudumu lililoinama mno. Mabonde na vilima kuzunguka tairi ni shokapu iliyokufa au kiungo kilicholegea. Kulika katikati ni upepo mwingi, mabega yote mawili ni upepo mchache.

Kama gari linavuta upande na matairi hayana mwelekeo maalumu wa kuzunguka, badilisha ya mbele kulia na kushoto. Likianza kuvuta upande wa pili, umepata jibu bila kufungua bolti yoyote zaidi ya zile za gurudumu.

Gari limesimamaje?

Weka gari kwenye sakafu tambarare, lisukume mbele na nyuma mita kadhaa, ubonyeze kila pembe mara chache. Ukipima mara tu baada ya kulishusha kutoka kwenye jeki utadanganyika, kwa sababu magurudumu yanakuwa yamejikunja ndani na gari limekaa juu. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Usipime kutoka sakafuni, kwani hapo unapima na upepo wa tairi pia. Andika namba nne na uzihifadhi, utazihitaji tena.

Kulia na kushoto zikipishana zaidi ya milimita 10, tafuta springi iliyokatika. Huwa inakatika mwishoni, ndani ya kikombe inachokalia, ambako maji na tope hutuama, na kipande kinabaki palepale bila kuanguka. Ingiza tochi na kioo kidogo, fuata waya wa springi mpaka uuone mwisho wake. Mwisho wa kiwandani umekatwa vizuri, na wa kuvunjika una uso wa chembechembe wenye kutu. Zingatia pia kwamba springi ikilegea kona moja, uzito hubadilika kwenye mshazari mzima, kwa hiyo gari linaweza kukata kona ya kulia vizuri na ya kushoto vibaya huku ukisaka kosa mahali ambapo halipo.

Springi zikichoka zote nne kwa usawa, namba zitalingana na bado gari likawa baya. Hapo ndipo bamstopu inaposema. Chukua ukanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya, ufunge kwenye fimbo ya shokapu ukiwa umebana kiasi cha kuweza kusogezwa kwa vidole, na uusukume mpaka ugusane na mwili wa shokapu. Endesha barabara yako ya kawaida, rudi uangalie. Mahali ukanda ulipoishia ndipo shokapu ilipofika. Ukiukuta umesukumwa mpaka kwenye povu kwa mwendo wa kawaida tu, gari linatembea juu ya bamstopu. MX-5 za mwanzo zina safari fupi ya shokapu, na povu hilo ni sehemu ya usanifu wake. Baada ya miaka 30 mara nyingi linakuwa limegeuka unga wa manjano ndani ya kifuniko cha vumbi, na hapo shokapu hugonga chuma. Ukichungulia ukakuta unga huo, umejua kwa nini mkia unaruka kwenye kona yenye matuta.

Chini ya gari

Stendi imara chini ya chasisi, kamwe si jeki pekee. Shika gurudumu juu na chini, yaani saa 12 na saa 6 kwenye uso wa saa ya ukutani, ulisukume na kulivuta. Ukihisi mchezo, mwambie mwenzako akanyage breki, urudie. Mchezo ukipotea ni beringi, kwa sababu breki imefunga habu na sehemu inayoibeba kuwa kitu kimoja. Mchezo ukibaki ni boljointi au bushi ya amu. Jaribio hili la dakika moja huokoa beringi nyingi zisizo na hatia.

Wengi hukosea kwenye namna ya kuiondolea boljointi mzigo. Kama springi inakalia amu ya chini, boljointi ya chini hubanwa na springi gurudumu likining'inia, na ulegevu wake haujitokezi. Inua amu yenyewe kwa jeki karibu na boljointi, gurudumu liwe hewani kidogo, ndipo utikise. Kama gari lina shokapu ya wima iliyobeba springi na kushika habu moja kwa moja, acha gurudumu lining'inie. Boljointi ikipimwa kinyume cha hapo, mbovu hupita kama nzima.

Kushika saa 3 na saa 9 hupima tairodi, fimbo inayolisukuma gurudumu kukata kona. Tairodi ya nje utaiona ikicheza. Ya ndani imejificha kwenye buti la reki ya usukani, kwa hiyo libane buti kwa kiganja huku mwenzako akitikisa gurudumu, na mguso wa "tik" utaufikia mkono wako. Kisha shusha gari. Viungo vya usukani huonekana vizuri zaidi vikiwa na uzito juu yake. Mwenzako azungushe usukani kwa sentimita chache kwenda na kurudi, injini ikiwa imezimwa na gari limefungwa breki ya mkono, nawe ushike kila kiungo kimoja baada ya kingine, ikiwemo krosi (kiungo kinachopinda) ya shafti ya usukani na mahali reki inapofungwa kwenye chasisi. Mipira ya kushikia reki husahaulika, na ikichoka reki nzima husogea kabla ya kulisukuma gurudumu.

Usukani usiorudi katikati wenyewe ni jambo jingine. Inua magurudumu ya mbele, uzungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho kwa kidole. Ukiwa mzito na mwepesi kwa zamu, krosi ya shafti imekauka kwa kutu. Ukiwa mzito mahali pote, tenganisha tairodi ujue kama kinachong'ang'ania ni reki au boljointi.

Mpira, chanzo cha magonjwa mengi

Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira umegandishwa kwenye bomba la ndani na bomba la nje, na bomba la ndani limebanwa na bolti lisizunguke. Amu inapopanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojipinda kama misuli. Ukilielewa hilo, mambo matatu yanafuata.

La kwanza: mpira huzeeka kwa miaka zaidi ya kilomita. Hewa huukausha, mafuta ya injini yanayovuja huulainisha na kuuvimbisha. Gari la miaka 30 lenye kilomita 50,000 lina bushi za miaka 30. Usidanganywe na kilometa.

La pili: ufa wa juujuu si kifo. Ingiza mtaimbo mdogo kati ya amu na chasisi, uegemee taratibu, utazame pale mpira unaposhikana na chuma. Mpira mzima hunyumbuka na kurudi. Ulioachana na chuma hufungua mwanya mweusi, au bomba la ndani linasogea huku mpira umetulia. Baadhi ya bushi zina majimaji ndani kwa ajili ya kupunguza mtetemo, na doa la unyevu mweusi chini yake linatosha kuihukumu. Tazama pia kama bomba la ndani bado liko katikati. Bushi iliyozama upande mmoja imeshabadilisha pembe za gurudumu, na hakuna alaimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu, itakayodumu juu yake.

La tatu ndilo linaloharibu kazi nyingi nzuri. Bolti ya bushi ya mpira ikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unafungwa katika hali hiyo ya kuning'inia. Gari likishuka, kila bushi inabaki imepindwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Gari hukaa juu kwa siku kadhaa, huwa gumu bila mpangilio, na mpira mpya huchanika mapema mno. Bolti zote za bushi za mpira zikazwe amu ikiwa kwenye urefu wake wa kusimama. Kama huna shimo wala ngazi za kupandishia gari, rudi kwenye zile namba nne: inua amu kwa jeki mpaka umbali wa katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ufanane na ulioandika, hakikisha gari bado limekalia stendi, ndipo ukaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kama umebadilisha springi, namba zimebadilika, kwa hiyo shusha gari, pima upya, kisha kaza.

Swali la bushi ngumu za poliurethani huulizwa kila siku. Kwa gari la barabarani, mpira mpya wa aina ya kiwandani hurudisha tabia nzuri kuliko wengi wanavyotarajia, kwa sababu hawajawahi kuendesha gari hilo likiwa na mpira mzima. Poliurethani inahitaji grisi yake maalumu, hulia ikikauka, na haifai mahali ambapo amu lazima ijipinde kwa mielekeo kadhaa kwa wakati mmoja, kama mwanzo wa amu ndefu za nyuma. Hapo inaweza kuibana amu na kuutupia mzigo mabano ya chasisi.

Sasa shokapu

Kubonyeza pembe ya gari na kuhesabu mitikisiko hakusemi mengi kwenye gari la michezo, kwani springi zake ni ngumu na uzito wa mtu ni mdogo. Amini dalili nyingine: mafuta yanayotiririka mwilini mwa shokapu (ukungu mwembamba juu tu si kosa), tairi lenye mabonde, na gari linaloendelea kupanda na kushuka baada ya kupita wimbi la barabara kwa kasi. Ukiitoa, isimamishe wima uisukume na kuivuta safari nzima. Ukinzani uwe laini na usiokatika. Ukikuta mahali inapoteleza bure, hasa pale inapogeuza mwelekeo, imekwisha.

Kama springi imezunguka shokapu, usiguse nati ya katikati juu kabla springi haijabanwa kwa kibanio chake, pande mbili, kwa usawa, mpaka ilegee kwenye kikombe. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Wakati wa kufunga, shika fimbo kwa ufunguo wa katikati badala ya kuizungusha kwa bunduki ya upepo, ambayo huweza kuharibu sili na vali. Shokapu mpya za mabomba mawili zisukumwe na kuvutwa mara tano au sita zikiwa wima, ili hewa iliyoingia zikiwa zimelazwa dukani itoke. Badilisha kwa jozi, na uweke bamstopu, vifuniko vya vumbi na mauntingi (vishikio) za juu mpya kwa wakati huohuo. Kufungua tena yote kwa ajili ya mauntingi moja ni kazi ya kutwanga maji kwenye kinu.

Milio

Mlio wa kugonga kwenye matuta madogo mara nyingi ni linki ya stabilaiza, ile fimbo inayozuia bodi kuinama kwenye kona. Fungua linki kulia na kushoto, zote mbili, funga mikono ya stabilaiza isiguse kitu, uendeshe polepole. Kukiwa kimya, jibu unalo. Mlio wa nyuma kama mtu anayepiga kiatu sakafuni, kwenye E36, huwa ni mauntingi ya juu ya shokapu. Kugonga mara moja unapokanyaga au kuachia mafuta, angalia mauntingi za difu na za injini kabla ya kurudi kwenye amu. Kwenye MX-5 kuna fremu ndefu ya alumini inayounganisha giaboksi na difu, kwa hiyo bushi za difu zikichanika kishindo husikika karibu na katikati ya gari na kumpoteza anayekitafuta.

Mlio unaobaki baada ya kila kitu kuwa kipya huenda ni wa bodi yenyewe. BMW M3 ya E46 (kizazi kilichofuata E36) inajulikana kwa nyufa kwenye sakafu pale sabufremu (fremu ndogo inayobeba amu) ya nyuma inapofungwa, na MX-5 ya kizazi cha pili huoza reli za mbele za chasisi kutokea ndani. Safisha kwa brashi, gonga kwa nyundo ndogo, usikilize. Chuma kizima hulia wazi, kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Bano lililopasuka likishakutwa, kazi nyingine zote zisimame.

Si kila tabia ni ugonjwa, hata hivyo. Honda S2000 za mwanzo, kuanzia 1999, hubadilisha mwelekeo wa magurudumu ya nyuma kwa wingi springi zinapobonyea, na Honda iliipunguza tabia hiyo kwenye toleo la 2004. Mkia wake mwepesi haukuletwa na uzee, ingawa bushi mbovu huuongeza. Gari lolote lililoshushwa chini nalo hupata kitu kama hicho mbele: tairodi haiendi tena sambamba na amu, na kila tuta linageuza magurudumu kidogo bila dereva kugusa usukani.

Alaimenti ya mwisho

Alaimenti juu ya bushi mbovu ni picha ya dakika moja. Ikifika zamu yake, hakikisha kwanza bolti za kurekebishia zinazunguka. MX-5 za zamani zina bolti nane za aina hiyo, zenye diski za duara ambazo tundu lake haliko katikati, mbili kwa kila amu ya chini, na kutu huzigandisha ndani ya bomba la bushi. Zinyunyizie mafuta ya kupenya siku kadhaa kabla. Bomba la bushi likizunguka pamoja na bolti, acha kulazimisha. Itabidi ikatwe kwa msumeno pande zote mbili za bushi, na bushi ibadilishwe. Mpya ipakwe grisi ya kuzuia kugandiana.

Vipimo unaweza kuvifanya mwenyewe. Nyosha uzi kila upande wa gari, kwenye urefu wa katikati ya magurudumu, ukiwa sambamba na mstari wa katikati wa gari. Usiusawazishe kwa matairi, maana upana wa mbele na nyuma mara nyingi haulingani. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Tofauti ndiyo tou ya gurudumu hilo. Kwa rimu yenye kipenyo cha milimita 400 ukingo hadi ukingo, milimita 1 ni kama digrii 0.14. Kemba, yaani mwinamo wa gurudumu kwa juu kwenda ndani au nje, hupimwa kwa ubao ulionyooka na timazi: juu ya rimu hiyohiyo, milimita 7 ni digrii 1.

Kama kitabu cha gari hakipo, mahali salama pa kuanzia kwa gari jepesi la barabarani ni kemba ya mbele kati ya digrii 0.5 na 1 kuelekea ndani, ya nyuma kati ya 1 na 1.5, tou ya mbele sifuri au milimita 1 kwa ndani, ya nyuma jumla ya milimita 2 kwa ndani. Nyuma kusiwe na tou ya nje hata kidogo, kwa sababu ndiyo inayoutupa mkia mtu anapoachia mafuta kwenye kona. Kasta, yaani mwinamo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu ukitazamwa kutoka ubavuni, iwe sawa kulia na kushoto kuliko iwe kubwa. Gari huvuta upande wenye kasta ndogo, na upande ambao gurudumu limeegemea nje zaidi kwa juu. Panga nyuma kwanza, halafu mbele, na ugeuze tairodi zote mbili kwa kiasi kimoja ili usukani ubaki katikati. Ukimaliza, paka mstari wa rangi kati ya kichwa cha kila bolti ya kurekebishia na chasisi.

Baada ya kilomita 100 hadi 200, rudia zile namba nne, kaza tena bolti za gurudumu, na uangalie ile mistari ya rangi. Mstari ukiwa umevunjika, bolti hiyo imesogea, na uzi urudi kando ya gari.